Dhahabu Ilikuwa Jangwani, Unga Ulikuwa Kwenye Boti

Huku kampasi ni wiki ya tisa, asaimenti zimepangana, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama analala au anarudi kwao. Lakini leo sitaandika habari za hosteli wala za boom. Nina kitu kimenikaa kichwani tangu semina ya historia, pale muda ulipotubana tukakatwa kabla ya kufika penye utamu.

Mada ilikuwa mbio za dhahabu kule magharibi mwa Marekani, karne ya 19. Picha mnaijua: jamaa mwenye ndevu, karai mkononi, ameinama kwenye maji, mara anapiga kelele kwamba ametoka kimaisha. Picha hiyo ipo kwenye kila kitabu. Sasa mtu wa nyuma kabisa akauliza, "Huyo bwana huko jangwani alikuwa anakula nini?" Darasa zima likacheka. Mimi nikalichukua lile swali nikaenda nalo maktaba, kwa sababu ukilitazama vizuri ndilo swali lenyewe.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asichoke. Kwenye jangwa, dhahabu haikuwa mali mpaka boti ifike. Aliyeshika boti ndiye aliyeshika bei ya unga, na bei ya unga ndiyo iliyoamua mwamba upi uchimbwe na upi uachwe. Tena boti yenyewe isingesogea hata hatua moja bila watu wa ule mto, ambao kwenye vitabu wanapewa mstari mmoja, halafu basi.

Mto ninaouzungumzia ni Colorado.

Kwa wale wa jiografia: Colorado unaanzia milima ya Rocky, unakwenda kama kilomita 2,300, unapita kwenye makorongo ya kutisha (Grand Canyon ni mojawapo), kisha unaingia nchi kame kabisa kati ya California, Nevada na Arizona, na mwisho unamwaga maji Mexico, kwenye Ghuba ya California. Sehemu ya chini joto la kiangazi linapita nyuzi 45. Mvua ni ya kuhesabu. Maji yale si ya pale, ni theluji iliyoyeyuka huko mbali milimani. Fikiria Nile inavyokatiza Misri, utanielewa. Mto ulijaa kuanzia Mei mpaka Julai, wakati wa baridi ukapungua mpaka mafungu ya mchanga yakaonekana kila upande. Na yale maji yalikuwa mazito kwa tope jekundu. Hilo neno Colorado kwa Kihispania maana yake ni chenye rangi, nyekundu hasa.

Sasa tuanze na pantoni.

Januari 1848 dhahabu iligunduliwa California, sehemu iitwayo Coloma. Mwaka 1849 dunia nzima ikahamia huko. Njia moja ya kusini ilipita jangwani ikafuata mto Gila mpaka unapokutana na Colorado, mahali panapoitwa Yuma. Pale mto unapita kwenye upenyo mwembamba kati ya vilima viwili vya mawe, ndiyo maana ilikuwa sehemu bora ya kuvukia kwa mamia ya maili. Wenyeji wa pale ni Waquechan, ambao wazungu waliwaita Wayuma. Walikuwa wakulima wa mahindi, maharage na maboga kwenye ardhi iliyoachwa na mafuriko, na waogeleaji hodari. Walivuka kwa matete yaliyofungwa pamoja, na watoto na mizigo waliwaweka kwenye vyungu vikubwa vya udongo vinavyoelea huku mtu anasukuma kwa kuogelea. Wahamiaji walipoanza kumiminika, Waquechan waliwavusha kwa malipo. Biashara halali, mtoni kwao.

Mwisho wa mwaka huo 1849 ilifika familia moja ya wasafiri iliyokuwa imeteremka mto Gila kwa boti bapa ya mbao. Luteni Cave Couts wa jeshi la Marekani, aliyekuwa amepiga kambi pale, akainunua ile boti ikawa ya kuvushia watu. Sikilizeni hapo: chombo kilichotengenezwa kwa safari moja ya kwenda kwenye dhahabu kikageuka kuwa mradi. Nafikiri huyo aliyekaa pale na boti alikuwa na uhakika wa kula kuliko wengi waliovuka kwenda kuchimba.

Pesa ilipoonekana, wakaja wenye meno. Mwaka 1850 genge la John Glanton, watu waliokuwa wamezoea kuua Wahindi Wekundu huko Mexico na kuuza ngozi za vichwa vyao, walijiingiza kwenye kivuko kilichokuwa kinaendeshwa na daktari mmoja aitwaye Lincoln (sio rais, msichanganye). Walipandisha nauli, wakawaibia abiria. Waquechan walipoanzisha pantoni yao chini kidogo ya pale, genge likaiharibu na kumuua aliyekuwa anaiendesha. Aprili 1850 Waquechan wakawavamia wakamuua Glanton na wenzake wengi. California ikatuma wanamgambo, msafara ulioigharimu fedha nyingi na haukuleta cha maana. Novemba mwaka huo jeshi la serikali kuu likaja chini ya Meja Samuel Heintzelman, likajenga ngome juu ya kilima: Fort Yuma.

Kwa hiyo ngome ya kwanza kwenye mto huu ilitokana na ugomvi wa kivuko. Anayedhani usafiri ni mada ya pembeni kwenye historia, aanzie hapo.

Askari wale wakajikuta kwenye shida ile ile ya mchimbaji: wale nini? Kutoka San Diego ni kuvuka milima halafu jangwa, kwa magari ya kukokotwa na nyumbu. Nyumbu naye anakula, na jangwani hakuna majani, kwa hiyo gari linabeba chakula cha nyumbu kabla halijabeba chakula cha mtu. Gharama ikawa haivumiliki. Mwaka 1851 sehemu kubwa ya kikosi iliondolewa, waliobaki wakapata kiseyeye kwa kukosa mboga, mwishoni mwa mwaka ngome ikaachwa kabisa. Walirudi Februari 1852, na mwaka huo Heintzelman akawapiga Waquechan kwa njia ya kikatili lakini rahisi: alichoma na kuharibu mashamba yao. Amani ikapatikana kwa njaa.

Desemba 1852 boti ya kwanza ya mvuke ikafika Fort Yuma. Iliitwa Uncle Sam. Usifikirie meli kubwa, ilikuwa na urefu wa futi 65 tu na injini ya nguvu za farasi 20, mali ya James Turnbull. Ililetwa vipandevipande na jahazi kutoka San Francisco, ikaunganishwa kwenye tope la mdomo wa mto, ikapanda na mzigo wa tani thelathini na kitu. Ilichukua siku 15. Haikudumu, ilizama. Lakini ilikuwa imeshaonyesha kwamba inawezekana.

Aliyefaidi hasa alikuwa George Alonzo Johnson na washirika wake. Januari 1854 walileta boti kubwa zaidi, General Jesup, urefu futi 104. Kusafirisha tani moja kutoka mdomo wa mto mpaka ngomeni walitoza dola 75. Ni pesa nyingi kwa wakati ule, lakini jeshi lilishukuru, maana njia ya nchi kavu ilikuwa ghali zaidi. Boila ya Jesup ilipasuka mwaka huo huo, ikatengenezwa. Mwaka 1855 wakaongeza boti ya pili, Colorado, ya futi 120, ambayo gurudumu lake la makasia lilikuwa nyuma badala ya ubavuni. Baada ya hapo boti za nyuma ndizo zikawa boti za mto ule.

Kwa nini nyuma? Hapa ndipo niliposahau kwenda kula.

Boti hizi zilikuwa bapa chini kama sinia. Tupu, nyingine zilizama majini nusu mita tu au pungufu. Mto ulikuwa unahamahama. Njia uliyopita jana leo ni mchanga. Kwa hiyo mbele alisimama mtu na upondo, mara nyingi Mcocopah au Mquechan, anapima kina na kuita. Nahodha anasoma rangi ya maji na mikunjo yake. Wakikwama kwenye fungu, wanageuza boti, nyuma inakuwa mbele, na lile gurudumu linaanza kuchimba mchanga na kuurusha mpaka njia ipatikane. Nahodha Jack Mellon alikuwa bingwa wa mchezo huo. Ikishindikana, wanafunga kamba kwenye mti au nanga mbele na kuvuta kwa winchi. Kule juu kwenye makorongo yenye maji makali walipigilia pete za chuma kwenye mwamba, wakapitisha kamba, boti ikajivuta yenyewe taratibu. Sehemu moja ya Black Canyon mpaka leo inaitwa Ringbolt Rapids, kwa ajili ya pete hizo.

Na mdomoni mwa mto kulikuwa na balaa lake. Wa pwani mnajua bamvua. Kule kaskazini mwa Ghuba ya California tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 6, na ghuba inazidi kuwa nyembamba jinsi unavyoingia. Maji yakijaa, yaliingia mtoni kama ukuta unaotembea, ukinguruma, dhidi ya mkondo unaoshuka. Chombo kilichofungwa vibaya kiliondoka. Meli za baharini zilikuwa zinapakua mizigo hapo hapo kwenye tishari na boti za mto, na mwaka 1865 kampuni ya Johnson ikajenga kituo na sehemu ya kutengenezea boti palipoitwa Port Isabel, kwenye mkono wa maji uliojificha. Mji mzima wa mafundi kwenye tope la chumvi, hakuna mti, hakuna kisima cha maana.

Sasa wachimbaji wenyewe.

Mwaka 1858 dhahabu ilionekana kwenye mto Gila, kama maili 20 hivi mashariki ya Yuma. Kikaota kijiji cha mahema kilichoitwa Gila City. Januari 1862 Pauline Weaver, mwindaji mzoefu wa nchi ile (ni mwanaume, jina lisiwadanganye), na wenzake wakapata dhahabu karibu na mto Colorado wenyewe, zaidi ya maili 100 juu ya Yuma kwa njia ya maji. Ikazaliwa La Paz. Watu zaidi ya elfu moja walijaa pale kwa muda mfupi, wengi wakiwa Wamexico kutoka Sonora, ambao ndio waliokuwa na ujuzi wa kupepeta dhahabu kavu. Maana kwenye vile vikorongo hakukuwa na maji ya kuoshea mchanga: unarusha hewani, upepo unachukua vumbi, kizito kinabaki. Huko juu zaidi, kwenye Eldorado Canyon upande wa Nevada, uchimbaji wa fedha na dhahabu ya kwenye mwamba ulianza mwaka 1861. Mwaka 1864 William Hardy akaanzisha Hardyville, kituo cha kupakulia mizigo ya migodi ya ndani.

Ukiitazama ramani utaona kitu. Miji hii yote imejipanga kwenye mto kama shanga. Dhahabu haikujipanga hivyo, ilikuwa imetawanyika milimani. Kilichojipanga ni mahali boti inapoweza kusimama.

Twende na hesabu ya darasani, namba nazitunga ili tuelewane. Una mawe yenye madini ya dola 100 kwa tani. Kuyachimba dola 40. Kuyapeleka panapoyeyushwa kwa nyumbu mpaka baharini dola 90. Wewe huna mgodi, una shimo. Sasa boti inakuja inasema itayabeba kwa dola 40. Mawe ni yale yale, lakini umekuwa tajiri mdogo. Kesho boti inapandisha kuwa 60, umekuwa kibarua. Keshokutwa haiji kabisa, mto umepungua, na unga stoo umebaki gunia moja. Mwamba haujabadilika hata kidogo!

Na mawe yale yalisafiri kweli. Shaba ya mgodi wa Planet, karibu na Colorado, miaka ya 1860 ilishushwa kwa boti mpaka mdomo wa mto, ikapelekwa San Francisco, na mzigo mwingine ukazunguka mpaka Swansea, Wales, kulikokuwa na vinu maarufu vya kuyeyushia shaba. Baadaye mji mmoja wa wachimbaji huko Arizona ukaitwa Swansea. Jiwe linatoka jangwani linakwenda kuyeyushwa Uingereza kwa sababu njia ya maji, ndefu hivyo, ilikuwa rahisi kuliko kujenga kinu pasipo na makaa ya mawe.

Kupanda, boti zilileta unga, maharage, nyama ya chumvi, pombe (hiyo haikukosekana), baruti, sururu, na vyuma vizito. Karasha la kusaga mawe pale Eldorado Canyon nani angelibeba mgongoni? Nyumbu hawezi. Lilihitaji chombo. Hata kuni za kuendeshea kinu zilitoka kisiwa chenye miti mtoni, Cottonwood Island, zikapandishwa kwa matishari yaliyotumia tanga na watu wa kuvuta kamba.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Johnson alikuwa peke yake, na mteja wake mkubwa ni jeshi. Mbio za La Paz zilipopamba moto boti zake hazikutosha. Mwaka 1864 mizigo ya wafanyabiashara na wachimbaji ikarundikana Yuma, ya jeshi inatangulia. Wachimbaji wa juu wakaumia: bei juu, bidhaa hamna, na bidhaa yako unaambiwa ipo, ila iko chini ya mto. Wenye hasira wakamtafuta mpinzani. Thomas Trueworthy akaleta boti yake Esmeralda kutoka mito ya California, akakokota na tishari. Samuel Adams akampigia debe kwa kelele nyingi kiasi kwamba walimpa jina la utani la Steamboat Adams. Baraza la kutunga sheria la Arizona, jimbo lililokuwa na umri wa miaka miwili tu, likawapongeza rasmi wawili hao mwaka 1865. Fikiria, bunge linatoa shukrani kwa sababu imekuja boti ya pili.

Oktoba 1866 Esmeralda ilifika Callville, kituo kilichoanzishwa na Wamormoni wa Utah juu kabisa ya Black Canyon. Ilikuwa safari ngumu iliyochukua muda mrefu. Lakini ushindani haukudumu. Kampuni ya Johnson iliwanunua wapinzani, na kufika mwisho wa mwaka 1869 ilikuwa imejisajili upya kama Colorado Steam Navigation Company. Mlango ukafungwa tena. Wachimbaji wakarudi kungojea moshi kwenye kona ya mto.

Na mto nao ulikuwa na maamuzi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1860 mkondo ulihama, La Paz ikabaki nchi kavu. Biashara ikahamia Ehrenberg, maili chache kusini. Hakuna vita, hakuna moto. Boti haisimami tena, mji unakufa. Leo La Paz ni mabaki ya udongo.

Msidhani safari yenyewe ilikuwa ya raha. Mwaka 1874 Martha Summerhayes, mke wa afisa wa jeshi, alipanda boti ya Gila ya nahodha Mellon kutoka Yuma kwenda Camp Mohave. Ni maili 200 hivi. Zilichukua zaidi ya wiki mbili, mwezi wa Agosti. Askari walikuwa kwenye tishari linalokokotwa nyuma, bila cha kuwakinga na jua la maana. Aliandika kitabu, Vanished Arizona, kilichotoka mwaka 1908, na joto lile halijampoa bado kwenye kurasa.

Sasa nirudi kwa wale niliosema vitabu havina muda nao.

Boti ya mvuke inakula kuni. Kila baada ya maili kadhaa kulikuwa na kituo cha kuni ukingoni, na waliokata, kupanga na kupakia walikuwa zaidi Wacocopah karibu na mdomo wa mto, Waquechan pale Yuma, na Wamojave juu. Walikuwa mabaharia pia na wapima kina. Bila wao boila ni pipa la maji baridi. Watu ambao mwaka 1852 walichomewa mashamba, mwaka 1854 wanakata miti ya ukingoni kwao ili ilishe chombo kinacholisha ngome iliyowachomea. Sijui mnalionaje hilo, mimi lilinikaa shingoni.

Kisa cha Wamojave kinaumiza zaidi. Mwisho wa 1857 Luteni Joseph Ives alitumwa na jeshi kupima mto unapandika mpaka wapi. Boti yake ndogo ya chuma, Explorer, futi 54, ilitengenezwa Philadelphia, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa mdomoni mwa mto. Johnson alikasirika kukosa kazi ile, akapanda na Jesup kabla yake, Januari 1858. Ives alifika Black Canyon Machi, akagonga mwamba. Aliyemwongoza sehemu kubwa ya njia, kwa boti na baadaye kwa miguu, alikuwa kiongozi wa Wamojave aitwaye Irataba. Alimwonyesha mto wote. Mwaka uliofuata, 1859, boti za Johnson zilipanda kwa njia hiyo hiyo zikiwa zimebeba askari wa Kanali William Hoffman. Wamojave walishindwa, ngome ya Fort Mohave ikajengwa katikati ya nchi yao, na miaka mitatu baadaye wachimbaji wakajaa La Paz. Mwaka 1864 Irataba alipelekwa Washington akakutana na Rais Abraham Lincoln (huyu sasa ndiye rais). Aliporudi akahimiza amani, kwa kuwa alikuwa ameona ukubwa wa kinachokuja. Mwaka 1865 eneo la hifadhi ya Wahindi Wekundu wa mto Colorado likatengwa. Ukubwa wa mto waliokuwa nao kabla, ulinganishe mwenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi kwamba wachimbaji ndio "waliofungua" jangwa. Jangwa halikuwa limefungwa. Lilikuwa na wakulima, waogeleaji na wavushaji waliojua kila fungu la mchanga. Kilichokuja na dhahabu ni mahitaji ya tani nyingi za mizigo kwa haraka, na mahitaji hayo yakageuza ujuzi wa wenyeji kuwa kibarua.

Mwisho wa boti ulikuja kwa kitu kilichozishinda kwa bei, kama zilivyowashinda nyumbu. Mwaka 1877 reli ya Southern Pacific ilifika Yuma na kuvuka mto. Johnson na wenzake waliuza kampuni kwa watu wa reli mwaka huo huo. Port Isabel ikaachwa. Nani tena azunguke baharini? Mwaka 1883 reli nyingine ikavuka mto huko Needles. Boti zilibaki kuhudumia migodi ya katikati, na mwaka 1886 Mellon na nahodha mwenzake mkongwe Isaac Polhamus wakazinunua. Ya mwisho kujengwa, mwaka 1902, iliitwa Searchlight, jina la mji wa wachimbaji wa Nevada. Mwaka 1909 bwawa la Laguna lilikamilika juu ya Yuma likaziba njia. Bwawa la Hoover, lililozinduliwa 1935, likazamisha Callville chini ya Ziwa Mead. Siku hizi maji yanatolewa kwa miji na mashamba mpaka mto kwa kawaida hauifikii bahari. Ule ukuta wa maji uliowatisha manahodha hauna tena mto wa kuupanda.

Lakini kwenye kile kilima cha Fort Yuma, jeshi lilipoondoka miaka ya 1880, eneo liligeuzwa kuwa hifadhi ya Waquechan mwaka 1884. Wapo hapo mpaka leo, juu ya kivuko chao. Wacocopah wapo, Wamojave wapo. Kampuni za boti zote zimekwisha.

Sasa sisi wa ualimu. Miaka michache ijayo tutakuwa mbele ya kidato fulani tukiandika ubaoni "sababu za mbio za dhahabu", tukiorodhesha nukta sita za kukariri. Mimi ningeanza na ramani tupu na swali moja: chakula kinafikaje? Mwanafunzi akichora njia ya unga, ataiona ngome, atamwona mwenye boti anayepanga bei, atamwona mkata kuni ukingoni, na mwishoni kabisa, akiwa mdogo na ana njaa, atamwona yule jamaa wa karai. Ukianza na karai hutawaona wengine wote.

Mwenye hoja ailete hapo chini, hasa nyie watu wa jiografia mnaojua mito kuliko sisi. Mimi nakimbilia kwenye asaimenti ya saikolojia ya elimu kabla umeme haujaaga. Tuwe pamoja.